Sakafu Inayotoka Jasho

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua daftari hili leo pamoja na sabuni ya kufulia. Miaka thelathini na mmoja niliandika ripoti ya wodi kila mwisho wa zamu: nani kalala, nani kakataa kula, nani joto limempanda. Tangu nistaafu mkono unaniwasha. Sasa nimepata mgonjwa mpya na nitamwandikia kama kawaida. Mgonjwa ni sakafu ya gereji yetu.

Juzi Jumamosi mume wangu alianguka humo. Nilikuwa jikoni namenya viazi, nikasikia stuli imepiga chini, kisha kimya, na kile kimya ndicho kilichonitoa mbio. Nilimkuta kakaa sakafuni kando ya meza yake ya kazi, kaukumbatia mkono wa kushoto, anatabasamu kama mtoto aliyevunja sahani.

"Hakuna kitu, Sista," akasema.

Ananiita Sista tangu siku alipoletwa wodini kwangu akiwa kijana, kidole kimekatwa na feni ya injini, nikamfunga bendeji huku akinitania. Nimemzalia watoto watatu na bado ni Sista. Mfupa ulikuwa mzima, kifundo tu kimeteguka. Nikamuuliza kaangukaje. Akasema aliteleza, sakafu ina unyevu na mafuta. Nikaipapasa ile saruji ya kijivu, yenye madoa ya miaka na miaka, na kweli ilikuwa na unyevu. Nikaamini.

Ana maradhi ya kutetemeka, huu mwaka wa tatu. Ni fundi wa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, na watu wenye magari ya zamani bado wanamletea, kwa sababu mafundi wa siku hizi wanaona heri kuitupa kabureta kuliko kuisafisha. Vidonge anameza mara nne kwa siku na mimi ndiye ninayempa. Kwa maoni yangu vinafanya kazi vizuri.

Jana alikuja binti yetu mkubwa. Yeye ni mwalimu mkuu, na anapokuja kwetu huwa hajavua bado ile sauti ya paredi. Alimkagua baba yake mkono, akaenda gerejini, akarudi.

"Baba, naomba ufunguo wa kule."

Mume wangu aliangalia dirishani. Kama angefoka ningewaacha wapambane, lakini kule kunyamaza kuliniuma. Nikajikuta nimesema, "Niachie mimi. Nitaitengeneza ile sakafu isiteleze tena."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka mvua ziishe."

"Sawa. Mvua zikiisha nakuja kuiangalia. Isiponiridhisha, nafunga mlango na ufunguo naondoka nao."

Nikakubali. Wodini niliwaona wanaume walionyang'anywa kazi zao. Walikuwa wanakaa kitandani wakitazama mikono yao, na hawakuchukua muda. Naogopa. Nimeandika, yamekwisha.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Mama Rangi, mwanamke anayeuza rangi za majengo na kupaka sakafu mwenyewe na vijana wake. Kucha zake zina rangi tano, hakuna hata moja ya urembo. Nilidhani nitanunua kopo na brashi nirudi nyumbani. Alinikalisha kwenye ndoo.

"Kuna rangi ya sakafu ya kawaida," akasema. "Hiyo gari likiingia na matairi ya moto, inabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Halafu kuna epoksi. Hii inakuja makopo mawili, rangi kwenye moja na dawa ya kuigandisha kwenye jingine. Ukishayachanganya huna hata saa moja, lazima uwe umemaliza kupaka. Ikishika, imeshika. Mafuta unafuta kwa kitambaa."

"Basi nipe hiyo."

"Sakafu yako kavu?"

Nikamwambia ni msimu wa mvua, kipi kilicho kavu. Akacheka. Akanipa kazi ya kufanya: nikate kipande cha nailoni, nikibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, nisikiguse siku nzima, kisha nitazame chini yake. Nikikuta matone, sakafu inatoka jasho, na epoksi haishiki juu ya jasho. Nailoni ikiwa kavu mara tatu mfululizo, nimwite.

Alhamisi, 6 Machi

Nailoni: jasho.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nailoni: jasho. Mgonjwa hana mabadiliko.

Jumatatu, 10 Machi

Nailoni: jasho. Nimetafuta lile shuka jeupe zito la kitanda cha wageni, halipo kabatini, halipo kambani. Nimemuuliza baba watoto. Akasema labda upepo. Upepo gani unaofungua kabati?

Ijumaa, 14 Machi

Mkono umepona, karudi gerejini. Nimemwekea sharti: viatu vya mpira na mlango wazi. Akanipigia saluti. Mkono wa saluti ulitetemeka, tukacheka wote wawili, yeye kwanza.

Jumapili, 16 Machi

Leo tumegombana juu ya rangi. Mama Rangi alinipa vigae vya mfano, kila kimoja ukubwa wa kitabu. Nikavipanga mezani baada ya chakula, nikijua nimeshachagua: kijivu cha kukoza, juu kimenyunyiziwa chembe nyeusi na nyeupe na bluu, halafu mchanga mwembamba wa kuzuia kuteleza. Kizuri mno, kama mawe ya mtoni. Na uchafu hauonekani.

Mume wangu hakukigusa hata. Akavuta kigae cha mwisho kabisa, cheupe, laini, kinachong'aa mpaka taa inajiona.

"Hiki," akasema.

"Cheupe? Kwenye gereji? Ya mafuta?"

"Hiki, Sista."

"Mtu kateleza juzi, leo anataka kioo. Unataka kufanyia kazi au kujitazama ndevu?"

Akasema ile ni gereji yake na ameitumikia miaka ishirini na sita. Nikasema na mimi nimemtumikia yeye mingi kuliko hiyo, nikamuomba anipe sababu moja tu. Akainuka, akaenda kulala saa nane mchana. Nimekasirika kweli. Mtu wa kutetemeka anataka sakafu ya kujionyesha, na binti yake anasubiri kwa hamu sababu ya kumfungia.

Jumatatu, 17 Machi

Hatuongei. Nailoni: jasho.

Jumanne, 18 Machi

Hatuongei. Chai anakunywa, asante hatoi.

Jumatano, 19 Machi

Kasema asante. Nailoni: jasho.

Jumanne, 25 Machi

Nimemfulia suruali za kazi. Magoti yote yamechakaa na kuwa meusi, nyuma ziko kama mpya. Nimemuuliza kama siku hizi anasali huko gerejini. Akasema ndiyo, anaomba nimpunguzie maswali.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua kubwa. Maji yameingia gerejini na kufika mpaka mguu wa meza. Nilisimama humo na ufagio nikiyarudisha, nikagundua hayatoki barabarani hata kidogo. Mfereji wa bati umekatika juu ya ukuta wa nyuma, maji yote ya paa yanamwagika kwenye msingi. Mwezi mzima napima joto la mgonjwa na kidonda sijakiona.

Ijumaa, 4 Aprili

Fundi bati kaja, kaunga mfereji na kuchimba mtaro wa kutolea maji. Mume wangu alisimama na mwavuli akimwelekeza. Fundi alivumilia kuliko ambavyo mimi ningeweza.

Alhamisi, 10 Aprili

Nailoni: jasho, lakini kidogo. Matone yanahesabika.

Jumapili, 13 Aprili

Binti yetu kaja, kakuta mlango wa gereji wazi na baba yake kapiga magoti kaingiza kichwa chini ya meza, tochi mdomoni. Alimuinua kwa makwapa. Mezani akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, humu hamna suala la sakafu tu." Nikamjibu ahadi ni mpaka mvua ziishe, na nje inanyesha. Hakubisha, na hiyo ilinitisha zaidi.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda kwa Mama Rangi nikaagiza. Kijivu cha kukoza, chembe, mchanga. Akaandika, akainua kalamu.

"Mzee kakiona?"

"Mzee atakiona kikishakauka."

"Mm," akasema Mama Rangi.

Ile "mm" imenifuata mpaka nyumbani. Lakini wagonjwa wangapi nimewachoma sindano huku wamekaza mikono, na baadaye wakanishukuru.

Jumatatu, 21 Aprili

Nailoni: unyevu kidogo pembeni.

Alhamisi, 24 Aprili

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanza kama ripoti, kwa saa.

Saa tatu asubuhi mume wangu alikwenda kwa kinyozi. Kule huwa anakaa si chini ya saa mbili, maana wanazungumza kuliko kunyoa. Nikaona nianze kutoa vitu gerejini taratibu, Mama Rangi akija akute peupe. Nikatoa makopo, nikatoa betri mbovu, nikaviringisha tairi lililoegemezwa ukutani. Nyuma ya tairi kulikuwa na mfuko wa saruji uliokunjwa, na ndani ya mfuko shuka langu jeupe.

Kwanza nilikuwa na hasira tu. Nikalitandua nione kalifutia nini. Halikuwa na uchafu wa kufutia kitu. Lilikuwa na madoa madogo madogo ya mafuta, yametawanyika katikati. Kwenye pembe nne kulikuwa na alama za kukandamizwa na kitu kizito. Nikaangalia miguu ya meza. Nikalisogeza shuka, alama mbili zikakaa sawasawa na miguu ya meza, mbili sawasawa na mahali pa stuli. Alikuwa analitandika sakafuni. Upande unaoelekea mlangoni upindo ulikuwa umechanika shibiri nzima, na juu ya mchaniko kuna alama ya soli ya kiatu.

Nikakaa kwenye stuli yake. Mezani kulikuwa na kabureta imefunguliwa na kikopo cha vijeti, vile vipande vya shaba vyenye tundu katikati vinavyopitisha petroli, vidogo kuliko punje ya mahindi. Nikachukua kimoja. Nikakiachia.

Kilipiga saruji, kikalia mara moja, kikapotea. Nina macho mazuri na mikono yangu imetulia. Nilipiga magoti, nikapapasa, nikaingiza kichwa chini ya meza, ikanichukua muda mrefu mpaka nikipate kwenye ufa wa sakafu, kimelala rangi moja na doa la mafuta. Nikaleta kigae changu kizuri cha kijivu chenye chembe, nikakiweka chini, nikaachia kijeti juu yake. Kilikuwa mbele ya macho yangu na sikukiona. Kila chembe ilikuwa kijeti. Nikatandika shuka, nikaachia. Kile pale, cha manjano juu ya nyeupe, hata mtoto angekiona akiwa mlangoni.

Nilibaki nimekaa mpaka aliporudi, kichwa kimenyolewa, ananukia poda. Aliona shuka kabla ya kuniona mimi. Akaegemea mlango.

"Kumbe upepo uliliingiza kwenye mfuko," nikasema.

"Naangusha, Sista," akasema. "Kila saa naangusha. Kijeti, skrubu, springi. Zamani niliangusha kwa mwezi mara moja. Sasa nikiokota hiki naangusha kile. Kwenye shuka nilikuwa naviona."

"Na siku ile?"

"Niliinuka kufuata tochi. Mguu ukanasa kwenye upindo. Sikuteleza. Sakafu ya watu haikuwa na kosa."

"Kwa nini hukuniambia? Ndoa yote hii, mtu unamwogopa mkeo?"

"Ungeandika," akasema. "Ungemwandikia daktari, ungemwambia mtoto. Mimi nikiangusha peke yangu, nimeangusha tu. Wewe ukishaandika, ndiyo naumwa."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, na mkono umeona aibu. Vidonge nilivihesabu vyote, hakuna hata kimoja kilichonipita. Magoti ya suruali niliyafua mwenyewe, nikatunga mzaha. Nililia palepale kwenye stuli yake, naye akanishika bega kwa mkono ule unaotetemeka, na bega langu nalo likatetemeka, akasema basi, Sista, utaniangusha na wewe.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilifika kwa Mama Rangi kabla hajafungua. Nilihofu ameshachanganya. Akaniambia epoksi haichanganywi mpaka dakika ya kupaka, makopo yangu bado yamelala.

"Cheupe," nikasema. "Bila chembe hata moja."

"Mm," akasema, ile ile. Lakini safari hii alitabasamu.

Mchana kaja nyumbani, na mzee kamwita mezani kwake mwenyewe. Wamekubaliana: nyeupe iliyopoa kidogo, ya ganda la yai, isiyopiga mwanga machoni. Kutoka mlangoni mpaka mezani, mchanga wa kuzuia kuteleza. Chini ya meza na kuzunguka stuli, mchanga uwe kidogo sana, ili kijeti kisijifiche kwenye mikwaruzo. Mama Rangi alimuonya kwamba nyeupe itaingia unjano baada ya miaka. "Na mimi pia," akasema mume wangu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nailoni: kavu.

Jumatano, 30 Aprili

Manyunyu asubuhi. Nailoni: kavu. Mtaro unafanya kazi.

Ijumaa, 2 Mei

Nailoni: kavu. Mara ya tatu. Nimepiga simu.

Jumanne, 6 Mei

Jana walisugua mafuta kwa sabuni kali na kuparuza saruji kwa mashine, vumbi likafika mpaka kwenye masufuria. Leo wamepaka. Mama Rangi kamwaga kopo moja ndani ya jingine, akakoroga, akatazama saa, na tangu hapo hakuna aliyezungumza. Walirudi nyuma hatua kwa hatua kutoka ukutani mpaka mlangoni, wakivuta rola, na vijana wawili wakinyunyiza mchanga. Mume wangu alikalishwa kwenye kiti uani akitazama. Mkono ulimtetemeka pajani muda wote, na sikumwambia kitu.

Jumatano, 7 Mei

Hakuna kukanyaga leo. Mume wangu kazunguka gereji mara nne.

Jumapili, 11 Mei

Jua kali, siku ya tano bila mvua. Binti yetu kaja na viatu vyake vya shule, vyenye soli ngumu, makusudi. Akatembea kutoka mlangoni, akapita kando ya gari la mteja, mpaka mezani, akajaribu kuteleza, hakuweza. Akamwaga maji, akajaribu tena.

"Mama, hii nimeikubali," akasema. "Baba, ufunguo baki nao."

Hapo ningemaliza. Tulikuwa tumeshinda. Nikamuona mume wangu kashika ukingo wa meza, nikajua anataka kufanya nini, na sikutaka afanye.

"Mwanangu, mimi sikuteleza," akasema. Akamwambia yote: vijeti, shuka, upindo, tochi. Hakujitetea popote. Alipomaliza akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani kati yao. "Uliomba ufunguo kwa sababu ya sakafu. Sasa umejua haikuwa sakafu. Amua na hilo ukilijua."

Binti yangu alinitazama. Nikamwashiria kwa kichwa kwamba na mimi nilidanganywa. Ile sauti ya paredi ilikuwa imemtoka kabisa.

"Kwa hiyo utaendelea kuangusha," akasema.

"Kila siku."

Akachukua kijeti kwenye kikopo. Akageuka, akakirusha nyuma ya bega lake bila kuangalia. Kililia mara mbili, tatu, kikanyamaza. Mume wangu hakuinama. Hakutafuta tochi. Alitazama tu ile sakafu nyeupe kutoka ukuta mpaka ukuta, akanyoosha kidole kinachotetemeka.

"Kule, karibu na gurudumu."

Alikwenda mwenyewe kwa njia ya mchanga. Aliinama akishika gari, akakiokota mara ya pili, maana mara ya kwanza kilimponyoka. Akarudi, akakiweka kwenye kiganja cha mwanawe. Binti yangu alikifunga kiganja juu ya mkono wa baba yake, wakakaa hivyo mpaka mimi nikaona nina jambo la kufanya jikoni.

Ufunguo ulibaki mezani. Jioni niliuona umerudi mfukoni mwake.

Jumatano, 14 Mei

Nimelifua lile shuka mara tatu, kwa sabuni, kwa ndimu, kwa kuchemsha. Madoa yamefifia lakini hayakutoka. Nimeshona upindo, nikalitandika kitandani kwetu, upande wake. Aliliona, akalipapasa mshono kwa kidole, akauliza wageni watalalia nini. Nikamwambia wageni waje na lao.

Mvua zimekwisha na mgonjwa kapona, kwa hiyo hii ndiyo ripoti ya mwisho. Naandika nikiwa jikoni, dirisha wazi. Mume wangu yuko kwenye kazi yake na kabureta ya mtu. Nasikia kitu kidogo cha shaba kimeanguka, kimya kifupi, hatua mbili, kisha bisibisi inaendelea. Kimeanguka tena. Mara ngapi, siandiki.